Kudhibiti maji ya hita ya gari

Kudhibiti maji ya hita ya gari ni njia ya kuifanya hita mbovu isisumbue kwa kuzuia, kupunguza au kugeuza maji ya moto yanayotoka kwenye injini kabla hayajafika kwenye rejeta ya hita iliyo ndani ya dashibodi. Hufanywa hasa pale hita inapogoma kuzimika na kupuliza joto muda wote, au pale rejeta yake inapovuja na kumwaga maji miguuni mwa abiria. Mafundi wa Tanzania huiita kazi hiyo "kubaipasi hita".

Katika uwanda wa kati wa Tanzania, yaani Dodoma na Singida, magari mengi ni yale yaliyoagizwa kutoka Japani yakiwa yameshatumika. Yalitengenezwa kwa ajili ya nchi yenye theluji, kwa hiyo yote huja na hita. Jiji la Dodoma liko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Usiku wa kipupwe, kuanzia Juni hadi Agosti, baridi yake huhitaji sweta, lakini mchana jua hurudi, na ikifika Oktoba na Novemba joto la mchana huvuka nyuzi 30 za Selsiasi. Dereva anaweza kumaliza mwaka bila kugusa kitufe cha hita, na hivyo akaiona kama pambo lisilo na kazi. Hata hivyo hita ni sehemu ya mzunguko wa maji unaoipoza injini. Namna ilivyofungwa inaweza kuamua kama gari litafika juu ya mlima au litachemsha njiani.

Jinsi hita inavyofanya kazi

Injini huchoma mafuta, na sehemu kubwa ya nishati ya mafuta hayo haifiki kwenye magurudumu bali hugeuka kuwa joto. Joto hilo hubebwa na maji, au mchanganyiko wa maji na kulanti, yanayosukumwa na pampu kupitia bloki na silinda hedi. Injini ikiwa bado baridi, thamostati huwa imefungwa na maji huzunguka ndani ya injini tu. Yakifikia takribani nyuzi 80 hadi 90, kutegemea gari, thamostati hufunguka na maji huenda kwenye rejeta kubwa ya mbele, ambako feni na upepo wa mwendo huyapoza.

Hita imeunganishwa kwenye mzunguko huohuo. Mpira mmoja huchukua maji ya moto, mara nyingi kutoka kwenye silinda hedi, hupenya ukuta wa bati unaotenganisha injini na abiria, na kuyaingiza kwenye rejeta ndogo ndani ya dashibodi. Mpira wa pili huyarudisha kwenye upande wa pampu unaovuta. Feni ya dashibodi hupitisha hewa katikati ya mapezi ya rejeta hiyo, na hewa hutoka ikiwa na joto. Kwa kawaida njia hii haisubiri thamostati kubwa ifunguke, na ndiyo sababu hita huanza kupata joto wakati rejeta ya mbele bado ni baridi.

Joto linalopita hapo si dogo. Tuseme lita 6 za maji hupita kwenye hita kila dakika na kutoka zikiwa zimepungua nyuzi 10. Hesabu ya fizikia ya sekondari inatosha: gramu 100 kwa sekunde, mara jouli 4.2, mara 10, ni wati 4,200. Ni sawa na birika mbili za umeme zinazochemka mfululizo ndani ya gari. Anayesafiri kutoka Manyoni hadi Dodoma mchana wa Oktoba na hita isiyozimika ana birika hizo mbili mbele ya magoti yake, na kiyoyozi chake kinashindana nazo.

Gari lenye injini inayopozwa kwa hewa, kama Volkswagen Beetle ya zamani, halina maji ya kudhibiti. Hita yake huchukua joto linalotoka kwenye mabomba ya moshi, na matengenezo yake ni habari nyingine.

Koki na kibao cha hewa

Magari hupunguza joto la hita kwa njia mbili, na aliye na hita mbovu anapaswa kujua kwanza gari lake ni la aina gani.

Katika aina ya kwanza kuna koki kwenye mpira unaopeleka maji kwenye hita. Waya kutoka dashibodi huivuta au kuisukuma koki hiyo, na ikifungwa maji hayafiki ndani. Magari mengi ya zamani yametengenezwa hivi, pamoja na baadhi ya Land Cruiser na Hilux, na koki yenyewe huonekana ukifungua boneti. Koki isiyoguswa kwa miaka hushikana. Siku dereva anaposukuma kitufe, waya hujikunja na koki hubaki pale ilipokuwa, iwe wazi au imefungwa.

Katika aina ya pili maji ya moto hupita kwenye rejeta ya hita muda wote, iwe dereva anataka joto au hataki. Kinachobadilika ni hewa: ndani ya boksi la hita kuna kibao kinachoigeuza hewa ipite kwenye rejeta ya moto au ipite pembeni yake. Kibao hicho huzungushwa kwa waya au kwa mota ndogo. Kingo zake zimevikwa sponji ili kuziba mianya, na sponji hiyo huoza kadiri gari linavyozeeka na kuegeshwa juani. Chembe nyeusi zinazorushwa kwenye nguo za abiria feni inapowashwa mara nyingi ni sponji hiyo. Ikishaisha, hewa ya moto hupenya hata kibao kikiwa kimefungwa.

Kasoro hii ya pili haitokani na maji, lakini mara nyingi hutibiwa kwa maji. Sababu ni gharama ya kazi. Kukifikia kibao kunahitaji kushusha dashibodi nzima, kazi ya siku moja au zaidi ambayo gari lililotoka humo huweza kurudi na kelele mpya na skrubu zilizobaki mkononi. Kufikia mipira miwili chini ya boneti ni kazi ya nusu saa.

Kutambua kasoro

Kipimo cha kwanza hakihitaji chombo. Injini ikishapata joto, hita ikiwa imewashwa hadi mwisho, hupapaswa mipira miwili ya hita kwa uangalifu, mbali na feni na mikanda. Yote miwili ikiwa ya moto, maji yanapita vizuri. Kama ndani hakuna joto, kosa liko upande wa hewa. Mmoja ukiwa wa moto na mwingine wa vuguvugu au baridi, koki imefungwa au rejeta ya hita imeziba. Yote ikiwa baridi, tatizo ni kubwa kuliko hita: maji yamepungua, kuna hewa iliyonaswa, pampu haisukumi, au thamostati imekwama ikiwa wazi ama ilishaondolewa.

Hali hiyo ya mwisho ni ya kawaida, kwani kuna imani iliyoenea gereji kuwa thamostati haihitajiki katika nchi ya joto. Injini isiyo nayo huchelewa kupata joto na hula mafuta zaidi. Katika injini ambazo thamostati pia huifunga njia ya ndani ya maji inapofunguka, kuiondoa huacha njia hiyo wazi, na sehemu ya maji ya moto hurudi kwenye injini bila kupita rejeta. Gari huweza kuchemsha kwa dawa ileile iliyokusudiwa kulizuia lisichemshe.

Uvujaji wa rejeta ya hita una dalili zake: zulia la mbele kulowa, harufu tamu ya kulanti ndani ya gari, kioo cha mbele kupata utando unaoteleza ambao haufutiki kwa kitambaa kikavu, na maji ya rejeta kupungua bila tone kuonekana chini. Usichanganye na maji ya kiyoyozi. Mrija wake wa kutolea maji ukiziba, zulia hulowa vilevile, lakini maji hayo ni safi, hayana harufu, na maji ya rejeta hayapungui.

Maji ya kisima na ukoko

Dodoma haina mto wa mwaka mzima, na kwa miaka mingi jiji limetegemea visima vya bonde la Makutupora, kaskazini mwake. Sehemu nyingi za uwanda huo maji ya visima yana chumvi na madini. Anayeyachemshia chai anaujua ukoko mweupe unaoganda kwenye birika. Dereva anayejaza maji hayohayo kwenye rejeta hupata ukoko uleule ndani ya injini, mahali asipoweza kuusugua. Huweza kuziba mirija myembamba ya mzunguko huo, pamoja na mirija ya rejeta ya hita. Kwenye hita iliyofungwa kwa koki, ambako maji hayatembei, uchafu na kutu hutuama.

Kulanti hudhaniwa kuwa kinga dhidi ya barafu, na kwa kuwa Dodoma hakuna barafu, wengi huona ni fedha za bure. Huku kazi yake ni nyingine: huzuia kutu kwenye chuma na kuliwa kwa alumini, na hupandisha kiwango cha kuchemka. Hilo la mwisho lina uzito juu ya uwanda. Kwa sababu ya kimo, maji matupu katika chungu kilicho wazi Dodoma huchemka kwa takribani nyuzi 96, si 100 kama Dar es Salaam. Mfuniko wa rejeta huongeza shinikizo na kukipandisha kiwango hicho. Mfuniko mzima wa baa 0.9 hukifikisha takribani nyuzi 116. Ukiwa umelegea, dereva wa Dodoma ana akiba ndogo kuliko mwenzake wa pwani. Asiye na kulanti na anayelazimika kuongeza maji atumie yaliyotoneshwa, au maji safi ya mvua, ambayo hayana madini ya kuganda.

Njia tatu za kudhibiti maji

Njia ya kwanza ni kuziba mipira yote miwili, kila mmoja peke yake. Ni rahisi kuliko zote, na mara nyingine hufanywa kwa kijiti cha mti na waya wa kufungia. Ndiyo njia mbaya zaidi. Katika baadhi ya injini maji yanayorudi kutoka kwenye hita ndiyo huifikishia thamostati joto, au ndiyo njia kuu ya maji kuzunguka wakati thamostati imefungwa. Katika nyingine mpira huohuo hupeleka maji kwenye turbo au kwenye kipoza moshi. Ukiziba, sehemu ya silinda hedi huweza kupata joto kali kabla geji haijaonyesha lolote, na gasketi ya silinda hedi ni ghali kuliko hita.

Njia ya pili ni kuyazungusha. Mipira miwili huchomolewa kwenye ukuta wa bati na kuunganishwa ili maji yatoke injini na kurudi injini bila kuingia ndani ya gari. Huunganishwa kwa kipande cha bomba la shaba au chuma, au kwa mpira mmoja uliotengenezwa ukiwa na umbo la U. Mpira ulionyooka ukikunjwa kwa nguvu hujibana, na hapo umekuwa kizibo. Kipenyo kisibadilike, magari mengi ya Japani hutumia mpira wa hita wa milimita 16 kwa ndani. Mabomba ya plastiki ya maji baridi ya nyumbani hayafai, kwani hulainika kwenye joto ambalo injini hufikia kila siku. Kwa rejeta ya hita inayovuja, njia hii ndiyo ya kufaa.

Njia ya tatu ni koki, na hufaa pale rejeta ya hita ni nzima ila joto halizimiki. Koki ya shaba ya njia mbili hukatizwa kwenye mpira unaoingia, ikafungwa kwa klipsi pande zote. Huwa imefunguliwa wakati wa kipupwe na kufungwa wakati wa joto. Ina hatari ileile ya kuziba ikiwa injini inautegemea mzunguko wa hita, kwa hiyo iliyo bora ni koki ya njia nne: ikifungwa, huyarudisha maji injini kwa njia ya mkato badala ya kuyasimamisha. Baadhi ya magari hutoka kiwandani nazo, na hupatikana kwenye vipuri vilivyotumika.

Wanaojaribu kupata joto la kadiri kwa kuiweka koki katikati hushangaa kuona halipungui sana. Maji yakipita polepole hukaa muda mrefu zaidi kwenye rejeta ya hita na kuacha joto zaidi kwa kila lita, hivyo nusu ya maji hutoa zaidi ya nusu ya joto. Mabadiliko huonekana koki ikikaribia kufungwa kabisa, na hapo mguso mdogo huleta tofauti kubwa.

Magari ya abiria kama Hiace, na pia Noah, mengi yana hita ya pili nyuma. Mabomba yake hupita chini ya sakafu, ambako mawe na matope huyafikia, na huoza kwa kutu. Maji yote ya injini huweza kuisha kupitia tundu dogo lililo chini ya kiti cha abiria, huku dereva akikagua rejeta ya mbele na kuiona nzima. Kuizungusha hita ya nyuma peke yake, karibu na injini, na kuiacha ya mbele ikifanya kazi, ni uamuzi wa busara kwa magari hayo.

Hita kama rejeta ya akiba

Barabara ya Dodoma kwenda Iringa huteremka hadi bwawa la Mtera, lililo kwenye mita 700 hivi, kisha hupanda mlima Nyang'oro kuelekea Iringa iliyo juu ya mita 1,500. Bondeni ni joto, na mlima huanza gari likiwa limeshapata moto. Hapo mwendo hushuka, upepo wa kupoza rejeta hupungua, na injini hufanya kazi kubwa kuliko wakati wowote wa safari.

Madereva wazoefu wana hila ya mahali kama hapo. Geji ikianza kupanda, huzima kiyoyozi, hufungua vioo, huwasha hita hadi mwisho na feni yake kwa kasi yote. Abiria huona kama dereva amechanganyikiwa. Lakini zile wati elfu kadhaa zilizohesabiwa juu sasa zinatolewa kwenye injini na kutupwa dirishani, na mara nyingi hilo hutosha kuishusha sindano hadi mlima umalizike. Gari ambalo hita yake imezungushwa halina akiba hiyo, na anayelinunua mkononi huenda asijue hadi siku anapoihitaji. Fundi mwema humwambia mwenye gari, au huandika kwenye kipande cha utepe na kukibandika chini ya boneti.

Hila hii haifai kitu maji yakiwa yameisha, kwa sababu hita haiwezi kutoa joto ambalo halijafikishwa kwake. Hita ikipuliza hewa baridi ghafla huku geji ikipanda, maana yake ni kwamba maji hayafiki tena, na gari lisimamishwe mahali salama na injini izimwe mara moja. Mfuniko wa rejeta haufunguliwi hadi injini ipoe. Maji yaliyo juu ya nyuzi 100 chini ya shinikizo hugeuka mvuke papo hapo yanapofunguliwa, na wengi wameungua uso na mikono kwa haraka hiyo.

Ukungu kwenye kioo

Matumizi ya pili ya hita ambayo watu wa uwandani husahau ni kukausha kioo cha mbele. Pumzi za abiria hugusa kioo baridi na kuganda kuwa ukungu. Ndani ya Dodoma hilo hutokea siku chache za mvua, na kiyoyozi peke yake hutosha kwa kuwa hukausha hewa. Basi dogo linalotoka alfajiri kuelekea Mafinga, Makambako na Njombe mwezi wa Julai liko katika hali tofauti: nje kuna baridi kali na ukungu, ndani watu wamejaa na vioo vimefungwa. Dereva anayefuta kioo kwa kitambaa huku akiendesha haoni barabara kwa sekunde kadhaa kila mara. Kwa gari la njia hizo hita izungushwe kwa muda tu, hadi rejeta mpya ipatikane.

Kujaza maji na kutoa hewa

Kila mpira unapochomolewa, hewa huingia kwenye mzunguko. Rejeta ya hita aghalabu iko juu kuliko sehemu nyingine, hivyo hewa hukimbilia na kunaswa hapo, na kwenye hita iliyozungushwa hunaswa kwenye U ikiwa imeinuliwa juu. Gari huegeshwa pua ikiwa juu kidogo, koki ya hita ikifunguliwa kama ipo, na maji humiminwa polepole mfuniko ukiwa wazi na injini ikiwa baridi. Kisha injini huwashwa bila kukanyagwa hadi thamostati ifunguke, huku maji yakiongezwa kadiri mapovu yanavyotoka. Baadhi ya injini zina skrubu maalumu ya kutolea hewa. Katika magari ya haibridi maji ya hita husukumwa pia na pampu ya umeme, na ni lazima ifanye kazi ndipo hewa itoke.

Baada ya safari fupi na injini kupoa, kiwango cha maji hukaguliwa tena na klipsi hukazwa upya, kwa sababu mpira mpya hulegea kidogo unapopata joto mara ya kwanza.

Kulanti iliyomwagwa hukingwa kwenye ndoo na kufunikwa. Aina nyingi zina ethilini glikoli, ambayo ni sumu yenye ladha tamu. Mbwa huilamba, mbuzi wanaozurura jirani na gereji hunywa dimbwi lake, na mtoto anayeiona ikiwa kwenye chupa ya soda hawezi kuitofautisha na kinywaji.